Daftari la Mama Pindo

Tarehe 4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya Novemba nimeilalia miezi mitatu. Kila nikishika kalamu, ama Kibonge analia, ama uji unafurika, ama Mama ananiuliza naandika nini, nami naona aibu kumdanganya. Leo baba watoto yupo, amerudi jana na lori lake, nimemkabidhi nyumba nzima na kelele zake. Nimejifungia stoo, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na karatasi hii nimeichana kwenye daftari la Mwalimu. Huyo ni mpwa wako mkubwa. Ana miaka mitano na anasahihisha kila mtu, baba yake akiwa wa kwanza.

Utauliza kwa nini barua na si simu. Simu yangu Kibonge aliitumbukiza kwenye beseni la nepi, ikafa na povu mdomoni. Iliyobaki ni ya Mama, na Mama haiachi mkononi. Meseji anasoma yeye, na nikikupigia anakaa ubavuni pangu. Kwa hiyo nijibu kwa barua, kwa anwani ya kazini kwa baba watoto kama nilivyoandika juu ya bahasha.

Kaka, Mama haendi vizuri.

Mwaka jana alipewa oda ya sketi za shule, kumi na moja. Unamjua mwenyewe, Mama Pindo, kama wateja wanavyomwita, hakati kitambaa kabla hajafungua daftari lake la vipimo. Alifungua, akavaa miwani, akakata. Sketi zote kumi na moja zikatoka na kiuno cha mtoto mmoja. Mwalimu mkuu alizirudisha kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Angefoka ningemjibu.

Vifungo tunavikuta kwenye sukari. Anaviweka humo "visipotee". Wiki iliyopita nimechomoa kimoja kinywani mwa Kibonge, cheusi, cha koti, kikubwa kama jicho la ng'ombe. Tangu siku ile nakoroga sukari kwa kidole kabla sijaitia kwenye kitu chochote.

Nikampeleka kliniki ya wazee. Daktari ni mwanamke, huenda tuko rika moja. Akamwambia Mama achore saa. Mama akamuuliza, "Ya mwanamume au ya mwanamke?" Wote tukacheka. Akachora duara zuri, kama anakata shingo ya gauni. Halafu akazipanga namba zote upande mmoja, moja chini ya nyingine, kama vifungo vya shati. Hapo hakuna aliyecheka.

Daktari anasema kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshika mambo mapya, na kwa baadhi ya wazee inanywea kuliko umri unavyodai. Inaweza kuwa Alzaima, ugonjwa wa kusahau. Inaweza pia kuwa kitu kingine kinachofanana nayo na kinachotibika, lakini bila picha ya ubongo na vipimo vya damu hawezi kujua. Akauliza kama yupo mwingine kwenye ukoo aliyekuwa hivi. Kuna jeni, anasema, tunarithi moja kwa mama na moja kwa baba, na ikiwa ya aina fulani inaongeza uwezekano wa ugonjwa huu. Kuwa nayo si lazima uugue. Hilo alilisema mara tatu, na mara zote tatu alikuwa ananitazama mimi.

Nikamkumbuka Bibi mzaa mama. Mimi sikumkuta, wewe ulikaa naye. Watu walisema alirogwa. Niandikie alikuwaje, kwa ukweli.

Watampigia simu ndugu wa karibu wamuulize maswali juu ya Mama, ndipo waamue kuhusu hiyo picha. Fomu alijaza Mama mwenyewe, kwa mwandiko wake ule wa kupendeza. Basi tunangoja.

Mdogo wako,
Kitinda

---

Tarehe 27 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma wakati wa chai, huku wenzangu wakiniuliza ni mwanamke gani siku hizi anaandika kwa kalamu. Nikawaambia ni mama yangu mdogo wa miaka ishirini na tisa, ananipa amri.

Nakuhurumia. Watoto wawili, mume wa barabarani, na Mama juu yake. Nadhani uchovu ndio unaokuonyesha hayo. Mtu akichoka, hata paka akipiga chafya anaona ni kifua kikuu. Mama ana miaka sabini. Mimi nina arobaini na minane na jana nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa. Hapa kiwandani nimewahi kuzima mashine ya karatasi isiyokuwa mbovu nikaiacha iliyo mbovu ikinguruma. Je, nami nichoreshwe saa?

Naongea na Mama kila Jumapili. Kila Jumapili, Kitinda! Ananiuliza mgongo wangu unaendeleaje. Ananiuliza mashine ya tatu imetengenezwa au bado. Nikimtaja mama mwenye nyumba anacheka kabla sijamaliza. Mwezi uliopita nilimwambia mbwa wa mwenye nyumba amekufa, na hajaniuliza habari zake tena hata mara moja, kwa sababu anakumbuka kwamba amekufa. Mtu anayesahau hana adabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Hao wa kliniki walinipigia wiki iliyopita, kumbe Mama aliniandika mimi. Dada mmoja mpole, maswali kama ishirini. Nikamwambia Mama yetu ni mzima kuliko mimi, halafu nikamwimbia sifa zake mpaka akacheka. Nadhani nimekusaidia.

Habari za Bibi uziache. Alikuwa mzee, akafa. Ukifukua kaburi unapata vumbi tu.

Mbusu Kibonge. Mwambie simu si sabuni.

Kaka yako,
Mlingoti

---

Tarehe 15 Machi

Kaka,

Salamu zangu zipo, ila leo sizitangulizi.

Nilikwenda kliniki na Mama mkononi na Kibonge mgongoni, nikapanga foleni saa nne nzima. Muuguzi akafungua faili. "Mbona huyu ameshapangiwa mwakani?"

Nikamwambia, "Mwakani vipi? Tunasubiri picha."

Akanisomea. Kusahau kwa kawaida kwa umri wake, mtoto wa kwanza amehojiwa, anasema mgonjwa hana tatizo lolote, aonwe tena baada ya mwaka.

"Mtoto wa kwanza hakai naye," nikamwambia. "Hajamwona kwa miaka sita."

"Dada, ndiye aliyeandikwa."

"Na mimi ninayemvalisha viatu?"

Akaniangalia, si mtu mbaya, akasema, "Wewe hujaandikwa." Maneno mawili hayo, Kaka. Nimeyabeba mpaka nyumbani pamoja na mtoto.

Unasema umenisaidia. Ile simu ndiyo iliyokuwa hukumu yenyewe! Nimekaa na Mama siku zote hizi, nimeokota vifungo, nimefumua mishono usingizi ukiniangusha, halafu wewe kwa robo saa, kwa mzaha na vicheko, umempa Mama afya asiyokuwa nayo. Na kama ni kitu kinachotibika, kinamla mwaka mzima tukiwa tumekaa.

Sasa nikueleze kuhusu hizo Jumapili zako.

Jumapili iliyopita simu yako ilipoita, Mama hakuipokea mara moja. Alikwenda kwanza kwenye cherehani, akavuta droo, akachukua daftari lake la vipimo, akalifungua katikati, akavaa miwani. Ndipo akapokea. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Alikuwa anasoma, Kaka, huku kidole kinafuata mstari. Ulipokata simu alilifunga, akalirudisha, akatia ufunguo mfukoni. Kesho yake alipolala mchana nikauchomoa ule ufunguo, nikalitoa. Sioni fahari, lakini nililitoa. Kwenye ukurasa mmoja, pale anapoandikaga kifua na kiuno cha mteja, kuna hivi. Nimenakili kama ulivyo:

MTEJA: Mwanangu wa kwanza. Anapiga Jumapili.
MGONGO: unamuuma. Muulize.
KAZINI: mashine ya tatu. Muulize.
MAMA MWENYE NYUMBA: mkali. Hapo cheka.
MBWA: amekufa. Usiulize tena.
AKINYAMAZA: sema Mungu ni mwema, subiri.
UMRI WAKE: (kumeandikwa, kumefutwa, kumeandikwa, kumefutwa mpaka karatasi imetoboka)
MTOTO ANAYELIA NYUMA: wa Kitinda.
KITINDA: ni wangu.

Mstari wa mwisho ameupigia mstari mara mbili.

Nimerudisha daftari kwenye droo. Mwalimu akaniuliza, "Mama, kwa nini unalia na sahani haijavunjika?" Nikampa sahani aifute.

Niandikie. Na safari hii usinichekeshe.

Kitinda

---

Jumatatu, baada ya chai

Mwanangu,

Huyu binti anaandika sana siku hizi na akiniona anaficha. Nami nimeandika. Mume wake amenikubalia kuipeleka posta, ni kijana msikivu, sijui wazazi wake ni akina nani.

Najua wananipeleka hospitali kwa sababu gani. Usidhani sijui. Ni kama nyuzi zikichomoka chini ya mguu wa cherehani. Unasikia sindano inapiga lakini kitambaa hakishikani. Mama yangu naye alianza hivyo, na mimi ndiye niliyesema afungiwe mlango mchana. Nilikuwa na wateja. Ukinikuta siku moja nauliza nani amefunga, usiniambie ni upepo.

Daktari ana karatasi nyingi. Nami nimekata karatasi za vielelezo vya nguo maisha yangu yote, nakwambia, karatasi haivaliwi. Inavaliwa nguo, na nguo ni mpaka mtu aje mwenyewe tumpime.

Njoo upimwe. Kwenye daftari nina vipimo vyako lakini naona kama ni vidogo, huenda umekua.

Shule inafunguliwa karibuni, kaptula yako hii hapa iko tayari. Usichezee matope siku ya kwanza.

Mama yako

---

Tarehe 20 Aprili

Kitinda mdogo wangu,

Nimepokea barua yako, na siku mbili baadaye kifurushi cha Mama. Nadhani hukijui. Ndani kuna barua yake na kaptula ya shule, ya kijani, yenye mifuko miwili. Kiuno kinaingia paja langu moja. Pindo limeshonwa kwa mkono, Kitinda, mshono mmoja haujapinda. Mikono yake haijasahau kitu.

Uliniambia nisikuchekeshe. Sina cha kuchekesha.

Uliuliza juu ya Bibi. Nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa anakunja kitambaa kimoja, anakikunjua, anakikunja. Mimi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Mama alikuwa na kazi, wakubwa wote walikuwa na kazi, nikapewa ufunguo. Wakiondoka nafunga, nakaa nje ya mlango na kufanya hesabu za shule. Bibi anagonga kwa pete yake. "Nani amefunga?" Namjibu, "Ni upepo, Bibi." Anaondoka, anasahau, anarudi, anagonga. Mama hajawahi kunitaja kwenye hadithi hiyo. Kumbe alinisikia, ameyaandika maneno hayohayo kwenye barua yake.

Sasa lile lingine. Miaka miwili iliyopita hospitali moja huku ilitafuta watu wazima wenye afya, kuanzia miaka arobaini na mitano, wawafuatilie ubongo wanavyozeeka. Wanapiga picha, wanatoa damu, baada ya miaka miwili unarudi. Nilikwenda kwa sababu wenzangu watatu walikwenda. Mwishoni wakaniuliza kama nataka kujua habari za jeni hiyo uliyoiandika. Wakaniweka chini na mshauri nusu siku nzima, wakaniambia wengi hawataki, si aibu kukataa. Nikajitia uanaume. Nikasema niambieni.

Ninazo mbili. Moja ya Mama, moja ya Baba. Baba aliondoka na ajali mapema, hakuna atakayejua yeye angekuwaje. Mshauri alisema wapo wenye mbili wanaofika uzeeni na akili zao, na wapo wasio na hata moja wanaougua. Yeye aliniambia huenda nisiugue, mimi nikasikia nitaugua, basi. Picha ya kwanza ilikuwa safi. Ya mwaka huu imeshapigwa, sijaenda kuifuata.

Kwa hiyo yule dada wa kliniki aliponipigia, sikumdanganya kwa kusudi. Nilikuwa nimeshajidanganya mwenyewe. Nilihitaji Mama awe mzima. Nilijiambia kama yeye ni mzima, akiwa na jeni hiyo na miaka sabini, basi nami nina miaka ishirini na miwili ya kupumzika. Kila Jumapili nilikuwa nampima kwa masikio. Akikumbuka mbwa, nalala vizuri wiki nzima.

Nisamehe. Na wewe usipime. Kitinda, nakuomba, usipime.

Kaka yako

---

Tarehe 9 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, Kibonge kiunoni, sufuria jikoni, na uji umeungua mpaka chini. Mwalimu amesema, "Mama leo umepata sifuri." Amesema kweli.

Nimekaa nayo siku kumi kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, lakini hasira haijaisha, kwa hiyo naandika nayo. Umebeba jambo zito miaka miwili peke yako. Hilo linaniuma, na ungekuwa hapa ningekukumbatia kwanza. Halafu ningekuuliza, ulimgeuza Mama kuwa kioo chako? Unamtazama Jumapili uone sura yako kama bado ipo? Na yeye masikini anakisafisha kioo wiki nzima, anaandika, anafuta, ili usiogope. Nyinyi wawili mmekuwa mnalindana kwa simu, na mimi ndiye ninayekoroga sukari kwa kidole.

Ulimfungia Bibi ukiwa na miaka tisa kwa sababu uliagizwa. Hilo halina deni kwako. Ila sasa una arobaini na minane, ufunguo unao, na Mama ndiye anayegonga.

Kuhusu mimi kupima. Kaka, hunipangii. Nimeongea na yule daktari, nimemwambia sitaki kujua sasa, amesema haki yangu na mlango uko wazi. Nina mtoto ananyonya na mwingine ananipa sifuri. Nitapima siku nitakayotaka mimi, na kama sasa sipimi si kwa sababu umenikataza wala kwa sababu naogopa. Kama ninayo, ninayo. Mama anasema kila siku karatasi haivaliwi, na huyo amekata nyingi kuliko madaktari wote.

Mama wiki hii amekuwa na siku nzuri tatu na mbaya nne. Juzi aliniita "dada wa kliniki" asubuhi yote, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia wawili. Akasema, "Wapumzishe, wasikuzeeshe." Jioni alipokula akanitazama akasema, "Kitinda, mbona umekonda?" Nikala sahani mbili ili asiwe na neno.

Nilimuuliza juu ya kaptula. Akasema ameituma kwa mwanawe. Nikamwambia mwanao ana mvi. Akaenda kwenye droo, akaandika. Nikachungulia. Ameandika: ANA MVI. Halafu chini yake: APIMWE UPYA.

Basi anakungoja. Ameshaniambia nitandike meza ya kukatia. Kliniki wamesema wakipata maelezo mapya kutoka kwako, kwa maandishi na sahihi, faili litafunguliwa, na nafasi ya picha ipo tarehe 12 Julai. Nimemwomba muuguzi aiandike kwa penseli. Ameandika kwa kalamu, Mungu ambariki.

Usiniandikie pole. Pole nimeshajaza kabati. Kabla ya mwisho wa Juni nahitaji haya, na nimeyaandika moja moja ili usiseme hukuelewa:

Barua kwa kliniki, yenye sahihi yako, inayosema kwamba uliyowaambia Februari hukuyaona kwa macho yako, na kwamba anayekaa na Mama ni mimi.

Fomu ya ndugu wa karibu, ninakuwekea humu. Jaza jina langu juu na lako chini. Usiipambe.

Nakala ya karatasi zako za damu. Daktari anasema zitamsaidia kujua aanzie wapi kwa Mama, lakini ni mpaka ukubali mwenyewe. Kama hukubali andika "sikubali", ila andika.

Habari za Bibi zote, hata ya pete. Hasa ya pete.

Picha yako moja ya sasa, ya uso, bila kofia, mvi zionekane. Nitaibandika kwenye ule ukurasa wa daftari, Mama asihangaike tena na umri.

Shati lako moja kuukuu linalokukaa vizuri, la kukatia kielelezo kama utachelewa. Hata lisipofuliwa.

Tarehe ya basi lako, na saa. Si "nitaangalia". Tarehe. Na ukienda kuifuata ile picha yako ya ubongo kabla hujapanda, uje nayo. Hatutaifungua kama hutaki. Tutaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na ya Mama.

Kitambaa cha shati, mita mbili na nusu, rangi uipendayo. Vifungo usitume. Vifungo tunavyo.

Mdogo wako,
Kitinda